Uso Ukutani

Kama kuna mtu aliyewahi kunipandisha presha kuliko Karani wa baraza la uchunguzi, bado hatujakutana. Mwanaume mzima, sweta la kijivu hata jua likiwaka, chai pembeni, na kila tukimwendea na malalamiko yetu jibu ni lile lile: "Rudini kesho." Kesho tukirudi, picha zetu ni ndogo mno. Keshokutwa, muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko likizo. Siku moja alituambia faili letu halionekani, na faili lenyewe alikuwa ameliwekea kikombe juu.

"Huyu ana lake jambo," nilisema.

"Ana roho mbaya tu," alijibu Domo. "Na hizo nywele, nani alimnyoa?"

Domo ni kinyozi, na jina hilo hakuonewa kupewa. Mwenzetu wa tatu anachomelea mageti. Alimuoa dada yangu, kwa hiyo siku hizi ni Shemeji, ingawa namjua tangu sote tukiwa na mapengo. Mimi ni fundi cherehani. Tulipokuwa wavulana tulivunja kibanda cha soda, tukakamatwa hata hatujafungua chupa moja, tukapelekwa shule ya kurekebisha tabia. Tulitoka huko tumeshaota ndevu.

Mkuu wa shule ile alikuwa na mtindo wake. Kabla ya kuingia bwenini aligonga fremu ya mlango kwa funguo: ko, ko. Ukisikia hivyo unasimama, mikono nyuma, uso ukutani, na hugeuki mpaka aseme, "Geukeni." Wakati mwingine hakulisema hilo neno mpaka magoti yalegee. Alikuwa akipita nyuma yetu taratibu, akichagua wa kwenda naye chumbani kwake. Shemeji alichaguliwa mno. Sikio lake la kulia lilifia huko, na mengine aliyofanyiwa hajamwambia hata dada yangu.

Shemeji alitaka kitu kimoja tu: baraza litamke mbele ya watu kwamba alifanyiwa, na nani alimfanyia. Dada yangu ndiye aliyenieleza. Mumewe huamka usiku na kumuuliza kama anadhani mtu anaweza kujitungia jambo la namna ile. Mtu mzima, baba wa watoto, anauliza hivyo! Nilipolisikia nilitupa mkasi chini.

Lakini wakili wa Mkuu alikuwa na mdomo mtamu. Alisema sisi ni marafiki wa utotoni, tena wawili wetu ni mashemeji, na bila shaka maneno yetu tuliyapika kwenye saluni ya kinyozi. Mkuu mwenyewe alisema yeye alikuwa mtu wa ofisini, bwenini hakuwahi kukanyaga. Mama Mwenyekiti wa baraza akavua miwani akatuambia kikao kijacho ndicho cha mwisho. Tulete mtu aliyekuwa kule, asiyetuhusu kwa undugu wala urafiki. Tukimkosa, anafunga faili.

Tulihangaika. Mmoja tuliambiwa alishafariki. Mwingine, muuza vipuri, alituapia kwamba shule hiyo haijui, akatufukuza dukani huku anabubujikwa na machozi. Basi tukaenda kwenye kikao cha mwisho mikono mitupu.

Mlangoni nani? Karani.

"Mmekuja na shahidi?"

"Hatuna," nikasema.

"Sasa si mngebaki nyumbani tu? Mnajisumbua, mnasumbua na watu."

Nilimsogelea. Domo akanishika shati. "Muache, fundi. Utamchania sweta halafu akuletee ulishone."

Tukakaa kwenye benchi lililo karibu na ukuta. Karani akaenda kwenye meza yake ndogo, upande wetu huo huo, akaandaa kalamu. Mkuu alikuwa bado hajafika, wakubwa huchelewa. Nikainama kwenye sikio zima la Shemeji.

"Akiingia hatusimami. Unanisikia? Tunakaa kama watu."

"Kwani mimi mtoto?" akasema Shemeji.

Ko, ko.

Zilikuwa funguo za gari, kwenye fremu ya mlango. Sidhani hata Mkuu mwenyewe alijua kwamba amegonga. Na mimi sikumbuki kusimama. Nakumbuka rangi ya kijani iliyobanduka, karibu na pua yangu, na vidole vyangu vimeshikana nyuma ya mgongo. Kulia kwangu Domo, kimya kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Kushoto Shemeji, anahema. Nilijikasirikia mpaka nikauma meno. Miguu yangu mwenyewe, niliyoilisha mwenyewe miaka yote hii, ilimtii yule mzee kabla ya kuniuliza mimi!

Wakili akacheka. "Waheshimiwa, mmeona? Hata maigizo wameyafanyia mazoezi."

Hapo nikajua tumejimaliza wenyewe. Ningekuwa mgeni chumbani humo, hata mimi ningedhani tumepanga.

"Karani," alisema Mama Mwenyekiti, "andika kwamba walalamikaji wamesimama."

Kalamu haikusikika.

"Karani?"

Niliyageuza macho bila kugeuza kichwa, kama tulivyojifunza kule. Ng'ambo ya bega la Shemeji niliona sweta la kijivu. Mikono nyuma, paji la uso limegusa ukuta. Mezani kwake chai ilikuwa imemwagika na inachuruzika sakafuni.

Wakili hakucheka tena. Sisi wanne hatukuweza kugeuka. Tulikuwa tunasubiri. Ndiyo, tulikuwa tunamsubiri yeye aturuhusu! Ghadhabu ikanipanda, lile neno nikalisema mwenyewe.

"Geukeni!"

Domo akageuka. Shemeji nilikuwa nimemsemea kwenye sikio bovu, ikabidi nimzungushe kwa bega. Karani hakugeuka.

Zile kesho zake zote zikanijia kichwani. Kumbe alijua. Alijua tangu siku ya kwanza aliposoma jina la shule, akalifunika faili kwa kikombe. Alituzungusha miezi na miezi, na shahidi tuliyekuwa tunamtafuta mji mzima alikuwa anakunywa chai mbele yetu. Nilimwendea nimpe maneno yake, na nilikuwa nayo mengi. Nilipofika karibu nikaona amepandisha mabega kama anayengoja fimbo.

"Geuka, ndugu yangu," nikasema. "Hakupigi."

Akageuka polepole. Mama Mwenyekiti alikuwa amesimama.

"Karani, hawa watatu unafahamiana nao?"

"Hapana, mheshimiwa. Wao waliingia kule mimi nimeshatoka."

"Na huyu mzee?"

Karani alimtazama Mkuu. Hakumtazama usoni, alitazama mkono. Sauti ilimtoka ndogo, ya mvulana.

"Nitasema yote, mheshimiwa. Naomba kwanza aweke chini zile funguo."

Mama Mwenyekiti akanyoosha kidole mezani, na Mkuu akaziweka.

Shemeji, ambaye tena alikuwa amesimama upande mbaya, akanivuta mkono. "Amesema nini?"

Nikazunguka mpaka kwenye sikio lake zima, nikamwambia.