Kisasi cha Sehemu ya Tano

Mimi sikujaliwa subira, na yule shujaa wa kitabu chetu cha mtihani alinichosha kabisa. Ni tamthilia ya kisasi, Kiingereza cha kale. Ndugu yake ameuawa, muuaji anamjua, lakini sehemu nne nzima anazunguka na maneno tu. Sehemu ya tano ndipo anamtaja muuaji mbele ya wageni wa karamu, na jukwaa linajaa maiti. Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka hata kidogo.

Baba yangu alikatwa panga akafa mwaka wa themanini na nne, kwenye mpaka wa shamba letu hapa Ruiri. Aliyemkata ni jirani yetu, Kathuri. Kila mtu anajua. Mashahidi walimeza ndimi zao, kesi ikafa, na sasa, miaka kumi baadaye, Kathuri ni mwenyekiti wa bodi ya shule yetu. Anakaa kiti cha mbele, kofia magotini.

Basi Mwalimu Nthiga, mtu wa Mbeere asiyejua mambo ya huku, alipotangaza kwamba kidato cha nne tutasoma sehemu ya tano siku ya wazazi, niliinua mkono kabla hajamaliza. Nilitaka kuwa mlipa kisasi, nikapewa. Mpango wangu ulikuwa mfupi. Nikifika kwenye ule mstari wa kumtaja muuaji, ningemtaja Kathuri, kwa Kimeru, kila mzazi asikie. Liwalo na liwe.

Jioni ya kuamkia siku hiyo nilimsomea nyanya, nikimgeuzia kwa Kimeru huku anachambua maharagwe. Alisikiliza mpaka maiti ya mwisho.

"Hao watu hawana wazee wa kuwakalisha chini?"

"Hawana, nyanya."

"Na kondoo hawana?" Akaweka ungo chini. "Karambu, unapanga nini kesho?"

Nikamweleza yote. Nilidhani atanisifu.

"Huwezi," akasema. "Wazee walitukalisha. Kathuri alileta kondoo, tukamchoma kwa moto mmoja, tukala sisi na watu wake. Tukaapa: atakayekula nyama hii kisha aifufue damu hii, imrudie."

"Mlikula nyinyi! Baba zangu wadogo na matumbo yao! Mimi sikula kiapo cha mtu!"

"Ulikula, mwanangu. Ulikuwa na miaka saba, na ule ulikuwa mwaka wa njaa. Uliomba kuongezwa."

Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya Kathuri. Niliuchukia mdomo wangu. Naenda kanisani kila Jumapili, fizikia naijua, lakini kiapo cha wazee ni kiapo, na mimi nakiogopa.

Kesho yake nilisimama jukwaani. Kathuri alikuwa hatua tano mbele yangu. Mstari wangu ulipofika nikamtaja muuaji wa kitabuni, jina lake refu la Kizungu, nikasoma mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi. Kathuri aliwashinda wote.

Baadaye wanafunzi tulipewa kazi ya kuwapakulia wageni. Kathuri akaniita.

"Umesoma vizuri sana, mwanangu. Baba yako angekuwepo angefurahi."

Ala! Huyu mtu hana haya. Nilishikilia sufuria kwa mikono miwili nisije nikammwagia. Akachagua kipande kinono cha nyama kwenye sahani yake, akaninyooshea.

"Shika, ule. Umefanya kazi."

"Asante, mzee. Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na nyinyi hamjapewa chakula?"

"Nyama yako ile ya mwaka wa themanini na nne. Mpaka leo haijaisha tumboni."

Mkono wake ukabaki hewani, mafuta yakamdondokea kwenye suruali. Mwalimu Nthiga, aliyekaa kando yake, akacheka na kuuliza hiyo ilikuwa karamu gani. Nikamwambia amuulize mwenyekiti, nikaenda kupakulia meza nyingine.