Siku ya Mchujo, Hakuna Kuanguka

Walimwita Gunia kwa sababu ya namna alivyoanguka. Alikuwa mkimbiaji wa mita mia nne, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha ufundi, na kila alipovuka mstari wa mwisho alikwenda chini kwa kishindo, puu, kama gunia lililosukumwa kutoka kwenye lori. Alilala pale bila kutikisa hata kope. Wenzake walimzunguka wakihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na walipofika kumi aliruka juu kama aliyeumwa na siafu, akajipangusa vumbi na kutangaza, "Gunia halijatoboka!" Watu walivunjika mbavu.

Aliyerekodi hayo yote alikuwa dada yake. Alifanya kazi katika duka la kutoa kopi lililotazamana na geti la chuo, chumba cha hatua nne kwa tatu chenye mashine mbili, kompyuta moja, na feni iliyopepea upande wa mteja tu. Mchana wateja wakipungua aliunganisha simu na kompyuta, akakata hapa, akatia muziki pale, kisha akaituma video mtandaoni. Walianza kwa mzaha. Mwaka haujaisha, waliomfuata Gunia mtandaoni walikuwa wengi kuliko wakazi wa mji wao.

Mama yao, fundi cherehani, hakuupenda mchezo huo hata kidogo.

"Mtoto mzima wa kiume, kila siku kujilaza kama mfu. Iko siku hiyo ardhi itakuzoea."

"Mama, si mchezo tu?"

"Mchezo ni mbio. Huko kulala ndiko nisikokuelewa."

Kocha naye alikuwa na lake. Alikuwa mwalimu wa michezo aliyekaribia kustaafu, mwembamba kama fito, saa yake ya kupimia mbio akiivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kwamba watu wanacheka halikumsumbua. Kilichomsumbua ni mita kumi za mwisho. "Unapunguza mwendo utafute kamera iko wapi," alimwambia Gunia mara nyingi. "Nusu sekunde nzima unaitupa ili uanguke vizuri. Mwenzako anaitafuta nusu sekunde hiyo kwa machozi."

Gunia alisema ndiyo, mwalimu, na kesho yake akaanguka tena.

Ikawa Jumanne moja, siku kumi na moja kabla ya mchujo wa timu ya taifa ya vyuo. Walikuwa mazoezini jioni, jua bado liko juu ya paa la karakana. Gunia alimaliza mzunguko, akaanguka, wenzake wakahesabu. Walifika kumi, hakuinuka. Kumi na moja, kumi na mbili. Vicheko vikazidi. Kwenye kumi na nne alifungua macho, akakaa kitako, akawatazama kama watu asiowajua, halafu akauliza, "Nani amesema kumi?" Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Siku ya pili yake, dada aliifungua video ile dukani ili aihariri. Gunia alikuwa na siri moja ya kuanguka ambayo watazamaji hawakuijua: mkono wa kushoto ulitangulia. Kiganja kilipiga ardhi kabla ya bega, nacho ndicho kilichotoa ule mlio. Dada aliwahi kuuona mkono ule mara mia, akaukata, akauharakisha, akaupunguza mwendo. Safari hii aliipunguza video mwendo, akausubiri mkono. Haukuja. Ulikuwa unaning'inia tu ubavuni, na macho ya mdogo wake yalikuwa wazi, hayatazami kitu, mpaka uso ulipofika chini.

Alimpigia simu aje.

"Nimetokea vizuri, siyo?" Gunia aliuliza akiegemea meza, bado anatafuna.

"Mkono uko wapi?"

"Mkono gani tena, dada?"

"Usinifanye mjinga. Umeangukia uso."

Alicheka, ila kicheko kiliishia njiani. Aliurudisha mlango wa kioo ukafungika, akashusha sauti.

"Giza lilinishuka."

"Giza gani?"

"Sijui. Kama mtu amezima taa. Nashtuka, nasikia wako kumi na nne."

"Ndiyo mara ya kwanza?"

Gunia alinyoosha vidole vitatu.

Dada alikwisha kuchukua mkoba wake. "Twende kwa Kocha. Sasa hivi."

"Ukimwambia Kocha, nimekwisha." Alimshika mkono. "Dada, nisikilize. Ataniandikia barua ya vipimo. Hospitali watanipa tarehe ya mwezi ujao. Mchujo ni Jumamosi ya wiki ijayo. Miaka sita nimekimbia kwa ajili ya siku moja. Nipe hiyo moja tu. Jumatatu yake nakwenda mwenyewe, na wewe unishike mkono kama mtoto wa chekechea."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Dada aliurudisha mkoba chini ya meza.

"Na hii video?"

"Irushe," Gunia alisema. "Mbona ni nzuri?"

Na kweli ilikuwa nzuri. Alimkata pale alipokaa kitako akishangaa, akatia muziki kwenye "Nani amesema kumi?", akaituma. Kufikia jioni ilikuwa imetazamwa kuliko zote alizowahi kurusha. Watu wa nchi nyingine waliiga, watoto wa shule walianguka kwenye viwanja vyao na kuhesabiwa hadi kumi na nne.

Hiyo ndiyo video iliyompandisha Kocha mori. Ijumaa aliwaita wote wawili, akawasimamisha mbele ya stoo ya vifaa.

"Wewe na kipaji, wewe na simu," alisema, "nimechoka kushindana na vichekesho. Sasa sikilizeni. Siku ya mchujo, hakuna kuanguka. Ukivuka mstari unabaki wima, unatembea, unashika kiuno kama wanaume wenzako. Ukilala pale mbele ya wateuzi, nakufuta jina hata kama umeshinda. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu."

"Nipe mkono."

Wakapeana mikono. Dada alitazama kiganja cha kushoto cha mdogo wake, kile kisichoshikwa, akatazama pembeni.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mchujo, Kocha aliingia dukani na orodha ya majina aliyoiandika kwa mkono. Alitaka ichapwe na kutolewa kopi kumi na tano. Dada alichapa. Jina la mdogo wake lilikuwa la pili kutoka juu. Mashine ilikwama kwenye kopi ya tisa, akaifungua kifuniko, akaichomoa karatasi iliyokunjamana, na muda wote huo maneno yalikuwa mdomoni mwake, yamejipanga, hayahitaji ila kusukumwa. Mwalimu, mdogo wangu anazimia.

"Unajua," Kocha alianza, akiipigapiga ile saa kifuani, "wiki hii kijana amenishangaza. Hajafanya upuuzi hata mara moja. Anakimbia mpaka mwisho, hapunguzi. Mwambie nimefurahi. Mimi nikimwambia atavimba kichwa."

"Nitamwambia, mwalimu."

Alizipanga kopi, akazigonga mezani zilingane, akampa. Zilikuwa bado na joto. Kocha alipovuka barabara, dada alijifariji kwamba zimebaki siku mbili tu, kisha itakuwa Jumatatu.

Jumamosi hakurekodi. Simu aliitia mkobani, akakaa ngazi ya tatu ya jukwaa, roho juu. Jukwaa lilijaa. Wengi hawakuja kwa ajili ya mchujo. Walikuja kumwona Gunia, na simu zao zilikuwa tayari mikononi.

Alikimbia njia ya tano. Kwenye kona ya pili alikuwa wa tatu, kwenye mita mia za mwisho wa pili, na zilipobaki mita kumi hakuitafuta kamera yoyote. Kwa mara ya kwanza dada alimwona akikimbia mpaka mwisho, kifua mbele, meno nje, mbio za kufa mtu. Alivuka wa kwanza. Alipiga hatua mbili akiwa wima. Dada alishusha pumzi.

Kisha Gunia akaanguka, na mkono haukuja.

Dada alijua kabla uso haujafika chini. Alisimama, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Jukwaa zima lilikuwa limekwisha kuanza. Moja! Mbili! Tatu!

Muuguzi wa chuo alinyakua begi lake akaanza kukimbia. Kocha akainua mkono.

"Mwacheni! Msimguse!" Sauti yake ilipasuka kwa hasira. "Tumepeana mkono na bado ananifanyia maigizo! Inuka, wewe! Inuka!"

Muuguzi akasita. Naye alikuwa ameziona zile video. Akasimama na begi lake katikati ya njia ya nne, anatabasamu nusu, anasubiri.

Sita! Saba! Dada alikuwa anashuka ngazi, anasukuma mabega, anakanyaga miguu ya watu.

"Dada, taratibu! Unatuharibia video!"

"Kaa chini bwana, bado hajaamka!"

"Anazimia!" Hatimaye sauti ilimtoka. "Anazimia kweli!"

"Ahaa, dada mtu naye anaigiza," mtu akasema, na waliomzunguka wakacheka.

Walifika kumi. Hawakunyamaza, kwa kuwa video ile ya mwisho ilikwenda hadi kumi na nne. Walifika kumi na nne kwa kelele za shangwe. Kumi na tano ilikuwa na sauti chache. Ishirini aliisema mtu mmoja tu, akaimeza katikati. Dada alipofika, Kocha alikuwa amepiga magoti, amemgeuza, anamwita kwa jina lake halisi, lile la kwenye daftari la mahudhurio, na muuguzi alikuwa anambonyeza kifua kwa mikono miwili, sasa bila tabasamu.

Hospitali haikuwa mbali, lakini alifika amekwisha.

Daktari aliwaeleza kwa upole. Moyo ulikuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo, ukuta wake mnene kupita kiasi. Kipimo kimoja cha nusu saa kingeionyesha. Wenye hali hiyo mara nyingine huzimia mara moja mbili kabla, kama onyo. "Je, aliwahi kuzimia?" aliuliza. Mama alitikisa kichwa. "Hata siku moja, daktari. Mwanangu alikuwa mzima kama chuma." Dada alikuwa amekaa pembeni ya mama, ameushika mkono wake. Hakusema kitu.

Kesho yake video za jukwaani zilikuwa zimesambaa kote. Picha zilitikisika, lakini sauti ya Kocha ilisikika wazi: mwacheni, msimguse. Waliokuwa wanacheka wiki iliyopita sasa waliandika muuaji. Chuo kilimsimamisha kazi, na kila mtu alijua kwamba mzee wa watu amemwaga unga miezi minane kabla ya kustaafu kwake. Dada alisoma matusi yale moja baada ya jingine. Alijua kinachoendelea ndani yake, na alijichukia kwa kukijua: kila tusi lililomwangukia Kocha lilikuwa mwavuli juu ya kichwa chake. Maadamu watu wana wa kumlaumu, hakuna atakayeuliza jingine.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mchana, Kocha alikuja msibani. Alivaa shati jeupe lililompwaya mwilini. Mkononi alishika mfuko wenye viatu vya Gunia vya kukimbilia, vilivyosahaulika uwanjani. Mjomba wao alimwona kutoka uani, akatoka mbio mpaka getini, akausimamia mlango.

"Wewe! Una uso wa kuja hapa?"

"Nimeleta viatu vyake tu, ndugu yangu."

"Mimi si ndugu yako. Mtoto anakufa, wewe unazuia watu wasimguse! Ulikuwa unalinda nini? Saa yako?"

Kocha hakujitetea. Aliinamisha kichwa kama mwanafunzi anayengoja fimbo. "Unachosema ni kweli," alisema. "Ni mimi niliyewazuia. Nilidhani ananidharau."

Mama alikaa kwenye mkeka barazani, mgongo ukutani, anatazama geti. Dada alikuwa amebeba sinia la vikombe. Aliliweka chini palepale alipokuwa, katikati ya njia, akaenda hadi getini, akapita chini ya mkono wa mjomba, akasimama upande wa nje, kando ya Kocha.

"Mjomba, mwache mwalimu," alisema. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini, mwanangu? Rudi ndani."

"Alizimia kabla. Mara tatu. Ile video ya kumi na nne haikuwa maigizo. Niliona, akaniambia, akaniapia atakwenda hospitali baada ya mchujo. Nikanyamaza. Mwalimu alikuja dukani Alhamisi, tukazungumza uso kwa uso, nikanyamaza. Na video nikairusha mimi. Watu walijifunza kwangu kungoja hadi kumi na nne."

Kocha aligeuka akamtazama. Labda alikuwa anatafuta neno la kumtua mzigo binti huyu, labda la kumtupia wake, lakini halikupatikana.

Mama aliinuka kwenye mkeka. Ilimchukua muda, na wanawake wawili walipotaka kumshika aliwaondoa mikono. Alitembea mpaka getini. Alisimama mbele ya bintiye.

"Daktari aliniuliza mbele yako," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nikajibu hata siku moja. Mbele yako."

"Ndiyo, mama."

Mama hakulia, hakuinua mkono, hakuinua sauti. Kisha akamgeukia Kocha, akaupokea ule mfuko wa viatu, akaukumbatia kifuani.

"Ingia, mwalimu," alisema. "Jua kali. Ingia ukae."

Mjomba aliondoa mkono mlangoni. Kocha akaingia akifuata nyayo za mama, taratibu, na watu wakajisogeza kumpa nafasi mkekani.

Dada alibaki pale nje. Mjomba alimtazama, kisha naye akarudi uani. Geti waliliacha wazi. Hakuna aliyemwita aingie, wala aliyemwambia aondoke.