Sahani ya Mzee Anayekohoa

Mume wangu Melkiory alikuwa fundi baiskeli pale Nkwenda, na kama angenipenda mimi nusu ya alivyokipenda kinanda chake cha santuri, ningenenepa. Namsingizia, maana alinipenda vizuri tu. Lakini mke gani atanyamaza mumewe akirudi jioni amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kanga mbili, kikifunguliwa si nyama?

Kilikuwa sahani ya santuri. Kila wiki sahani. Rafiki yake Othman, mwenye duka ambaye babu yake alitoka Pangani, alikuwa na ndugu Mombasa, tena alijuana na madereva wanaokwenda Kampala na Kongo. Wote hao walijua kwamba ukitaka Othman akuchekee, umletee muziki ambao hajawahi kuusikia. Akishausikia yeye, hali wala halali mpaka Melkiory ausikie. Na Melkiory naye, akipata kitu kigeni kwa msafiri aliyemzibia pancha, alikimbia nacho dukani hata mikono haijafutwa grisi. Ndivyo nyumba yetu ya Isingiro, iliyozungukwa na migomba na mibuni, ilivyojaa watu wa Kuba, Wahindi, Wamisri, Wakongo, na Wazungu fulani wa milimani wanaoimba kwa koo bila maneno. Tuliyemwelewa hakuna hata mmoja.

Mwaka wa hamsini na tatu mama yangu, Kokubanza, akaja kukaa kwetu.

Alikuwa mjane aliyeishi Rugera, na mtoto wake ni mimi peke yangu, Kemirembe. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Siku moja alijimwagia maji ya moto mguuni kwa kudhani sufuria iko upande mwingine, nami nikaenda kumchukua. Alinikatalia siku mbili. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani. Wakikutana njiani, kila mmoja anaiacha njia na kugeukia migomba. Sasa utaishije nyumbani kwa mtu usiyepaswa kumwona? "Watanicheka mpaka kaburini," aliniambia.

Melkiory akajenga kibanda nyuma ya nyumba yetu, akakizungushia ua wa matete, mlango akauelekeza shambani. Hapo mama akalegea, ila kwa sharti. "Nakaa mpaka maharage yavunwe. Baada ya hapo narudi kwangu."

Nikaitikia, huku moyoni nikijua simrudishi. Kule Rugera nani angemwongoza kisimani? Nani angemwambia moto umefika wapi? Nilikuwa nikiyatazama yale maharage yakitoa maua, nikiyachukia kama mtu anayenidai mama yangu.

Waliishi kwa heshima mpaka unachoka wewe mtazamaji. Jioni Melkiory alipiga kengele ya baiskeli tangu mbali, mama apate kuingia uani kwake. Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo yake. Mama alijibu kwa kugonga fimbo chini mara moja. Kwa majuma kadhaa hawakuwa na mazungumzo mengine.

Halafu Jumapili moja, tumetoka misa, Melkiory akakitia kinanda ufunguo na kuweka sahani ya Kuba, ile yenye tarumbeta na magitaa. Ilipoisha, nyuma ya ua fimbo ikagonga mara mbili.

"Amekasirika?" Melkiory akaninong'oneza. Jasho lilikuwa limemtoka puani.

Nikazunguka uani. Mama amekaa mkekani, kichwa ameinamisha upande mmoja.

"Mwambie mwenye nyumba arudie," akasema. "Hao watu wanapalilia shamba kubwa. Mmoja akichoka, mwenzake anapokea."

Basi ikawa hivyo. Fimbo mara mbili, rudia. Fimbo mara moja, imetosha, lete nyingine. Mimi nikawa mtu wa kwenda na kurudi, kubeba maneno kutoka uani na kuyafikisha kibarazani, kwa maana kila wimbo mama alikuwa na la kusema. Mwanamke wa Kihindi mwenye sauti nyembamba, mama akasema ana mtoto mchanga amelala na hataki aamke. Mzungu wa milimani, "ameita ng'ombe wake tangu asubuhi, maskini, hajampata." Mama wa Kimisri aliyeimba neno moja mpaka sahani ikageuzwa, "huyo ameshakula, ameshashiba, hana haraka na mtu."

Melkiory alicheka mpaka akajifuta machozi. Kesho yake akampelekea Othman maneno hayo, na Othman akayaeneza Nkwenda nzima. Baada ya mwezi watu waliokuja sokoni walisimama mlangoni pake wakiomba, "Tupigie Wapaliliaji," au, "Tupigie yule mwenye ng'ombe aliyepotea." Othman akaniambia, "Shemeji, mwulize mama hii ya leo inaitwaje," na kunipa sahani mpya kabla sijamaliza hata kununua chumvi yangu.

Nikiri jambo moja. Niliona wivu. Mume wangu alikuwa anachagua nyimbo za kumfurahisha mtu asiyemjua sura, na mimi aliyeniona kila siku haniulizi nataka nini. Lakini nilipokuwa nikipita pale uani na kumkuta mama, aliyekuwa hajacheka tangu tumzike baba, anachezesha bega moja peke yake, wivu uliniisha. Nikawaza, kwa mwendo huu maharage yatavunwa na yeye hatakumbuka.

Jumapili moja ya Juni nilikwenda kumwona jirani aliyejifungua. Niliporudi nikakuta kinanda kimefunikwa blanketi na Melkiory anapalilia kahawa, Jumapili, mtu mzima mwenye akili zake.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Springi imekatika."

Nikaenda kumwambia mama. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani ni moshi. "Springi," akasema, basi.

Jumapili ya pili kimya. Ya tatu kimya. Nami, Mungu anisamehe, miguu yangu ilikuwa imechoka kwenda na kurudi, kwa hiyo sikuuliza. Nikavuna maharage taratibu, mstari mmoja leo, mwingine keshokutwa, mpaka majirani wakaniuliza kama naumwa mgongo. Lakini shamba halikui kwa kuvunwa. Yakaisha. Jumamosi nikamkuta mama anafunga nguo zake ndani ya kikapu.

"Jumatatu kuna lori Nkwenda," akasema. "Utanisindikiza."

"Uende kuungua na mguu wa pili?"

"Kemirembe, mkwe akinyamaza amesema. Huyu mtu anatengeneza springi za Nkwenda nzima. Ya kwake ndiyo imemshinda? Amenichoka, na kwa heshima yake hawezi kunitamkia. Nami kwa heshima yangu nimesikia."

"Na wewe ulimfanya nini?"

Mama akakaa juu ya kikapu.

"Alipiga sahani moja," akasema. "Kabla ya kuimba, yule mzee alikohoa. Kidogo tu, hivi. Halafu nyuzi zikaanza. Kemirembe, baba yako alikuwa anakohoa hivyohivyo. Anakaa, anaweka enanga pajani, anakohoa kidogo, ndipo mkono unashuka kwenye nyuzi. Miaka minne sijasikia mtu anakohoa hivyo. Fimbo ikaniponyoka. Nililia mpaka sahani ikaisha, na nilikuwa bado natafuta fimbo, kimya kikaingia. Nadhani alisikia nalia, akaona nimeleta matanga nyumbani kwake."

Nikamwendea Melkiory nikiwa nimewaka. Alikuwa anakula.

"Springi gani?" nikamwuliza.

Akaacha tonge hewani. Kisha akayatoa yote, macho chini, utafikiri yuko mbele ya padri. Sahani ile aliipata kwa Othman. Maandishi yake hayakusomeka, herufi za ajabu, hata Othman hakujua ni za nchi gani. Hawakuwa wameisikiliza, kwa kuwa ilikuja siku ya soko na duka limejaa. Akaiweka. Mtu akakohoa.

"Unajua kukohoa ni nini, Kemirembe."

Najua. Kwetu mwanamume hafiki mlangoni kwa mtu kimyakimya. Anakohoa kwanza, walio ndani wajue mgeni yupo na anataka kuingia. Mkwe akohoe mlangoni kwa mama mkwe wake, mkewe hayupo nyumbani! Hilo halina hata faini, kwa sababu halijawahi kutokea.

"Fimbo haikugonga," Melkiory akasema. "Si mara moja, si mara mbili. Nikajua amedhani ni mimi. Ningemwambiaje kwamba si mimi? Ningemtuma nani, wewe hupo? Na ulipokuja niliona aibu hata kulisema. Nikairudisha sahani kwa Othman."

Nikamweleza habari ya baba na enanga. Tonge likarudi sahanini. Nikarudi mbio kwa mama, nikamwambia yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipapasa shavu.

"Mwanangu, unataka nikae. Juzi ulisema springi, leo unasema kukohoa. Kesho utasema nini?"

Niliubeba uongo wa mwenzangu bila kuufungua, na sasa ukweli wangu haukuwa na mnunuzi.

Jumapili Melkiory alitoka baada ya misa akarudi jioni, mikono mitupu, hakula. Jumatatu niliamka nikakuta upande wake wa kitanda umepoa. Baiskeli haipo. Nikatazama kwenye kona: kinanda nacho hakipo.

"Ameondoa hata kinanda," mama akasema nilipomwendea. "Unaona sasa?"

Nilikuwa na maneno ya kumwambia mume wangu ambayo siwezi kuyaandika. Mtu anakimbia hata kuagana kwa kengele! Nikajitwika kikapu, mama akashika upindo wa kanga yangu, tukaingia njia ya Nkwenda. Umande ulikuwa bado haujakauka. Kila hatua mama aliipima kwa fimbo, na mimi nilitembea polepole kuliko hata alivyohitaji, nikilia bila sauti ili asijue. Alijua. Kila baada ya muda alivuta kanga kidogo, kama alivyokuwa akivuta mkono wangu nilipokuwa mdogo.

Tulikuwa tumefika mteremko wa mtoni niliposikia kengele.

Mama akaisikia kabla yangu. Hapo hapo akaiachia kanga, akaiacha njia, akapapasa mgomba wa kwanza, wa pili, akasimama nyuma yake na kuupa njia mgongo. Mkwe anapita, na kuondoka nyumbani kwake hakukuondoa heshima. Tukangoja baiskeli ipite.

Haikupita. Nikainua macho. Melkiory amesimama hatua ishirini kutoka tulipo, suruali imelowa matope mpaka magotini, kinanda kimefungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Naye ametugeuzia mgongo. Baadaye Othman alinisimulia kwamba sahani alikuwa ameshampa mfanyakazi mmoja wa machimbo ya bati. Melkiory aliitafuta Jumapili kutwa asiipate, na Jumatatu kabla ya mapambazuko akaenda kumngojea yule mtu mahali anapopita kwenda kazini. Alimpa Wapaliliaji, Mwenye Ng'ombe na mama wa Kimisri, zote tatu, akabaki na ile moja. Kinanda alikichukua ili aisikie papo hapo, ahakikishe ndiyo yenyewe.

Pale njiani sikuyajua hayo. Nilimwona tu anafungua kamba, anatia ufunguo, anainama juu ya sahani, bado mgongo kwetu.

Sindano ikakwaruza. Mtu akakohoa, kidogo tu. Kisha nyuzi.

Sijui yule mzee ni wa nchi gani hadi leo. Sauti yake ilikuwa imechakaa, na nyuzi zake hazikuwa za enanga. Lakini kile kikohozi kilikuwa cha baba, mbele ya nyumba yetu ya Rugera, jioni, watu wameshika vibuyu vyao vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na wananyamaza kumngoja aanze. Nikatua kikapu. Mama alikuwa ameuegemea mgomba, paji la uso limegusa shina, mabega yanatikisika. Melkiory hakugeuka. Wimbo ukaisha, sahani ikawa inazunguka na kukwaruza, naye amesimama vilevile, mkono umekaa hewani juu ya sindano, anangoja. Sijawahi kumpenda kama dakika ile.

Fimbo ikagonga chini. Mara moja.

Nikaufumba mdomo kwa kiganja.

Ikagonga tena.

Melkiory akarudisha sindano mwanzo haraka hata ikaruka. Wimbo ulipoisha mara ya pili, mama akajifuta uso kwa upindo wa nguo na kuita kwa sauti, kana kwamba niko ng'ambo ya mto na siko pembeni yake.

"Kemirembe! Mwulize mwenye baiskeli, huyu mzee anakaa kwa nani?"

Melkiory akaiambia migomba iliyokuwa mbele yake, "Mwambie anakaa Isingiro, nyuma ya nyumba, uani."

"Mwambie nimesikia. Na wewe, Kemirembe, yale maharage uliyavuna mabichi."

"Yalikuwa yamekauka, mama."

"Mabichi," akasema mama. "Tungoje ya msimu ujao."

Nikajitwika kikapu. Melkiory akatuacha tumpite? La, mwiko ni mwiko. Alitangulia yeye, akiikokota baiskeli na kinanda chake, akipiga kengele kila baada ya hatua chache asigeuke hata mara moja, na mama, bila kuishika tena kanga yangu, akaifuata ile kengele mpaka nyumbani.