Zamu ya Bibi Lote

Maneno yale Efrazia aliyasikia bombani Jumatatu asubuhi, ndoo yake haijafika nusu. Yalisema Bibi Lote huwasha mishumaa miwili kila Ijumaa jua linapozama, na kila mshumaa ni mtoto mmoja wa kitongoji atakayeshikwa na homa. Aliyeyaleta hakujulikana. Mmoja alisema yametoka kwenye simu, kwenye kundi fulani, kwamba Wayahudi ndivyo walivyo dunia nzima. Efrazia aliguna, akajitwika ndoo, akaenda zake. Lakini maneno yalipanda naye kilima. Nyumbani Angel, mwanawe wa miaka sita, alikuwa siku ya tatu hajala, mwili unachoma kama jiko.

Bibi Lote hakuwa mgeni. Baba yake, daktari wa mifugo, aliikimbia Ujerumani kabla ya vita kwa sababu ya Uyahudi wake, akaipanda milima hii na mke na sanduku moja. Lote alizaliwa hapahapa, mwaka vita vilipokwisha, na Kishambaa chake kiliwashinda watoto wa siku hizi. Usiku Angel alipozaliwa, mvua imekata barabara, ni yeye aliyemshika Efrazia magoti mpaka mtoto akatoka. Yote hayo Efrazia aliyajua. Aliporudi bombani mchana akamkuta Mwanaisha, akamwambia, "Wanasema eti mishumaa ya Bibi Lote," akamalizia yote mpaka mwisho. Alisema "wanasema" ili isionekane amesema yeye.

Jioni ile nyumba ya Bibi Lote ilisogea hatua tatu.

Ilisogea kwa nyuma, kuelekea genge, ule ukingo wa mlima unaoangalia Mombo kule chini. Ilikwenda nzima, na bati lake, na makopo ya maua barazani, kuku wakiifuata. Bibi Lote alikuwa anachemsha maziwa. Alishika sufuria yasimwagike. Kesho yake ilikwenda hatua nne, keshokutwa tisa. Watu hawakupata tabu kuelewa: kila mdomo ulioyatoa maneno yale, hatua moja. Aliyeyarudia mara mbili alihesabiwa mara mbili. Zuberi, mwenyekiti wa kitongoji, alipima kutoka msingi wa zamani mpaka gengeni, akapata hatua mia na ishirini, akaziandika kwenye daftari lake la mikutano.

Ijumaa mtu alirusha mawe kwenye bati. Zuberi akateremka, akarudi na askari wawili.

Bibi Lote aliwapa viti na chai. Walikaa mbele ya mlango. Nyumba iliposogea waliinuka, wakabeba viti, wakaifuata. Watu wakapumua. "Serikali imeshalishika," walisema, na njia ya kwenda kwa Bibi Lote ikaanza kuota nyasi. Wiki iliyofuata bombani likazaliwa neno jingine: "Asiye na kosa anawekewa askari wa nini?" Nyumba ikaenda hatua kumi na mbili kwa siku moja. Zuberi akaomba nguvu zaidi. Wakawa askari wanne, na bunduki. Nyumba ikaenda hatua ishirini.

Efrazia alimfuata mmoja wao, mtu mzima wa kutoka Tanga, akamuuliza mbona hawaizuii.

"Mama, mimi nimeletwa kumkamata mrusha mawe," alisema. "Nikimwona, namkamata. Haya mengine yanatoka midomoni mwenu. Pingu nitayatia wapi?"

Efrazia alirudi nyumbani. Asubuhi yake alimbeba Angel, homa bado ikija na kuondoka, mpaka zahanati, akaambiwa ni homa ya matumbo, ni maji, achemshe maji. Akapewa dawa. Jumatatu mtoto aliomba uji. Efrazia alifurahi sana, na hakumwambia mtu yeyote kwamba ilikuwa maji.

Sasa, wanawake wa kitongoji wanalimiana kwa zamu. Kila Jumanne wote wanakwenda shamba la mmoja, na mwenye zamu anapika makande. Zamu hairukwi. Ukiugua unalimiwa, ukisafiri unalimiwa. Inarukwa ya marehemu tu. Jumanne iliyofuata ilikuwa ya Bibi Lote. Mwanaisha, kiongozi wao, alisimama njia panda na jembe begani.

"Jamani, kule kuna bunduki. Na bibi wa watu analindwa, hatapungukiwa kitu. Twendeni kwa Scholastica."

Wakaenda kwa Scholastica. Efrazia naye alikwenda, akalima, akala.

Waliporudi saa kumi waliikuta nyumba imebakiza hatua sita ifike gengeni. Askari wanne walikuwa wamesimama kwenye pembe nne, kila mmoja mahali pake. Bibi Lote alikuwa barazani, amevaa nguo nyeusi, na sufuria la makande ya watu ishirini limepoa mbele yake.

"Nimesikia zamu yangu imerukwa," alisema. "Nikajua nimekufa. Nilikuwa sijaambiwa tu."

Mwanaisha alitua jembe. "Hujafa, bibi. Tumekosea sisi."

"Mmeshalima kwa mwenzangu, mmechoka."

"Tumechoka ndiyo. Shamba liko wapi?"

"Lipo palepale. Shamba halikuhama."

Mwanaisha hakwenda shambani moja kwa moja. Alipanda barazani, akapiga goti. "Shikamoo, bibi. Nilimwambia dada yangu wa Bumbuli, kwa simu. Ni mimi."

"Marahaba."

Nyumba ikarudi mbele hatua moja.

Wakajipanga, kama wanavyojipanga bombani. Kila mmoja alitoa shikamoo, akasema lake, akaitikiwa, akaenda kulima. Scholastica alikuna kichwa. "Zangu mimi saba. Tena moja niliisema kanisani, matangazo yanasomwa."

"Hayo matangazo yenyewe uliyasikia?"

"Hata sikuyasikia, bibi."

"Marahaba saba," alisema Bibi Lote, na nyumba ikaruka mbele hatua saba, kuku wakaanguka kutoka barazani. Watu wakacheka kidogo, kwa aibu. Zuberi naye alikuja akasema yake, mbili. Yule askari wa Tanga aliegemeza bunduki ukutani, akaomba jembe.

Zamu ya Efrazia ilipofika, Bibi Lote alimtangulia.

"Angel hajambo?"

"Hajambo, bibi. Anakula."

"Mungu mwema. Ijumaa nilimtaja. Nikiwasha mishumaa ya Sabato ndipo ninapowaombea watoto, mmoja mmoja kwa jina."

"Asante, bibi," alisema Efrazia. Alichukua jembe, akalima matuta mengi kuliko mtu yeyote siku ile, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nyumba haikusogea.

Jua lilipozama nyumba ilikuwa imebakiza hatua ishirini na nane ifike msingi wake. Na hapo ndipo ilipo. Wako waliodai hawakusema, na wako wa mbali, wenye simu, ambao hawatakuja. Askari waliondoka wiki iliyofuata; mrusha mawe hakupatikana. Mtu akileta neno kutoka gulioni, nyumba inarudi nyuma kidogo, na wanawake wanakwenda kukaa barazani mpaka itulie. Bibi Lote amezoea. Amefungua njia mpya ya kufika mlangoni, na analalamika tu kwamba bomba sasa liko mbali na miguu yake.

Efrazia humchotea maji kila siku. Akifika anatoa shikamoo, anaitikiwa, anatua ndoo, anavuta pumzi. Kisha anaomba chumvi. Bibi Lote anampa. Nyumbani kwake Efrazia ana chumvi ya mwaka mzima.

Angel amekua, anakwenda bombani mwenyewe. Kabla hajatoka, mama yake humshika bega, akamsomea ya kuepuka:

Usiseme "wanasema."

Neno la kwenye simu usilifikishe bombani.

Mwanao akiugua, usimtafutie mtu wa kumlaumu, chemsha maji.

Usimwache jirani kwa sababu amewekewa askari.

Usiruke zamu ya aliye hai.

Ukienda kuomba radhi, usiombe chumvi.