Taa ya Chisense Juu ya Nyanya

Hippolyte alipoiwasha taa yake, chumba kizima kikawa rangi ya ile dawa wanayopakwa watoto wenye vidonda mdomoni. Mirriam akazitazama kuta, akaitazama miche yake ya nyanya ndani ya vikopo, kisha akamtazama Hippolyte mwenyewe, mchuuzi aliyeivusha taa hiyo kutoka Kongo akiwa ameipakata kama mtoto mchanga. Hata meno yake yalikuwa ya zambarau.

"Mama Towela, hii lampe iko ya mimea kabisa," Hippolyte alisema. "Muzungu aliitengeneza juu ya kulima mu nyumba. Inakula courant kidogo tu."

"Huyo muzungu alifika hapa Nchelenge akaona betri yangu?"

Chisanga, mume wake, akadakia kwamba kila mtu anajua mimea inapenda rangi hiyo. Kila mtu! Mwanaume ambaye tangu azaliwe hajapanda hata kitunguu, leo ndiye msemaji wa nyanya.

Miche ililelewa ndani kwa sababu mvua za Januari zingeiponda nje, na dirisha la chumba lilikuwa dogo. Ziwa nalo lilikuwa limefungwa ili samaki wazae. Mwaka uliopita, katika miezi hiyohiyo, Chisanga aliingia majini kuvua kwa siri. Alilala mahabusu, na mtumbwi haukurudi. Mwaka huu Mirriam alisema watakula kwa kuuza miche, na hakuna mtu wa nyumba yake atakayegusa maji. Miche ikifa, angemzuia kwa maneno gani?

Tangu mbegu zichipue alizimulikia kwa taa ya Chisanga ya kuvulia chisense, vile visamaki vidogo vinavyofuata mwanga. Ilikuwa nyeupe, ya LED, ya kawaida kabisa pale sokoni Kashikishi, na hata siku ya mawingu betri ya sola iliibeba mpaka saa ya kulala. Mwanzoni Chisanga aliitundika juu darini, kama mtumbwini, ili mwanga ufike mbali. Miche ikarefuka shingo, ikalegea.

"Unaziita kutoka wapi, BashiTowela?" Mirriam alimuuliza mumewe. "Nyanya zimeshafika." Akaishusha mpaka kiganja kimoja juu ya majani, na mashina yakanenepa. Wavuvi!

Sasa alikwenda jikoni kusonga ubwali. Haujaiva bado, taa ya muzungu ikapepesa, ikazimika. Mirriam akarudi na mwiko mkononi, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Inakula kidogo, eh? Imemaliza betri kabla hatujala sisi! Irudishe kwao, ikamulike harusi."

Hippolyte alichukia. "Bon. Lakini mimi na bwana yako tulisha kupatana. Alisema hii ikiingia, ile nyeupe itatoka. Levy, ule wa mutumbwi, iko anaingoja ku Kilwa ya hapa ziwani, kwa kazi ya mu maji."

Chisanga akainamisha kichwa. Hippolyte, alipotambua alichokisema, akakumbatia taa yake akatoka.

Kicheko kilimkauka Mirriam. Kumbe mumewe hakusema kwa ujinga wa mimea hata kidogo; alitaka ile nyeupe irudi majini. Aliogopa, akakasirika, akaogopa tena.

"Chisense watakuwa wengi sasa, BanaTowela," Chisanga alisema taratibu. "Hakuna mtu majini."

"Wenye kukukamata wapo." Mirriam akamwelekezea mwiko. "Ulidhani niliichagua taa hii kwa ajili ya nyanya tu? Niliichagua kwa sababu huna nyingine ya kuvulia."

Chisanga akanyoosha mkono, akaishika taa nyeupe pale ilipoegeshwa. Mirriam hakumzuia. Alikuwa ameshika mwiko tu, unadondosha ubwali sakafuni.

Chisanga akaifunga kwenye betri. Kwa kile kidogo kilichobaki, ikawaka. Akaitundika, juu mno kama kawaida yake, akasita, akaweka kiganja juu ya majani, akaishusha hadi ikagusa mkono wake.

Wavuvi, Mirriam alitaka kusema, lakini alikuwa analia.