Kisugudi cha Mpika Halwa

Kopo la maji lilimponyoka Taib alfajiri, kabla hajamaliza kutawadha, likaanguka uani na kubiringika hadi miguuni pa mkewe, Swabaha. Halikuwa kopo kubwa. Lilikuwa la bati, la kuchotea maji ya birika, ambalo hata mtoto wa chuo cha Kurani hulinyanyua kwa vidole viwili. Taib alilitazama kopo, kisha akautazama mkono wake wa kulia. Swabaha aliliokota, akalijaza tena, akammiminia maji mpaka akamaliza kuosha miguu.

Maumivu yalikuwa yametimiza mwezi wa nne. Yalianzia kwenye kisugudi, yaani kiwiko cha mkono, upande wa nje, mahali padogo pa kuenea kidole gumba, na mwanzoni Taib aliyadharau, akayahesabu kuwa ni mgeni wa siku mbili. Mgeni akatandika mkeka. Sasa yalikuwa yakishuka mpaka kiganjani, hata kufungua komeo la duka ilikuwa kazi, na kupeleka tonge kinywani ilibidi ainamishe kichwa alifuate. Swabaha alimkanda kwa mafuta ya ufuta na chumvi ya moto iliyofungwa kitambaani, na nafuu ikaja, ikakaa kidogo, ikaondoka. Mkandaji mmoja wa Kibokoni aliubonyeza mkono ule kwa utulivu, kisha akamwambia jambo ambalo hakutaka kulisikia. Alisema haukuvunjika wala haukurogwa. Umechoka tu, na kilichochoka hupumzishwa.

Kupumzika ndiko kusikowezekana. Taib alikuwa mpika halwa, na halwa haipikwi, hukorogwa. Wanaoila barazani kwa kahawa chungu hudhani utamu wake unatoka kwenye zafarani na iliki, lakini unatoka begani na kisugudini mwa mtu aliyesimama mbele ya sufuria ya shaba kwa saa tatu, akizungusha mwiko mrefu kuliko mguu wake. Mwiko ukisimama, halwa hushika chini, na halwa iliyoshika chini hunuka moshi mpaka juu, hata uitie zafarani ya Mombasa nzima. Taib alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo, mkono uleule, mzunguko uleule.

Tena kulikuwa na kanuni ya baba yake, Mungu amrehemu. Mzee yule alishika kwamba sufuria iliyoanzwa na mkono mmoja humalizwa na mkono huohuo. Ukiingia mkono wa pili, halwa hukataa. Hakuna aliyewahi kuijaribu kanuni hiyo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu, na kanuni isiyojaribiwa huishi umri mrefu. Taib aliilinda kama alivyozilinda siri zake nyingine, yaani nyuma ya pazia la gunia alilolishusha kila alipowasha moto. Pazia lenyewe lilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa ng'ambo ya kichochoro. Jina lake Sherali.

Sherali alikuwa akiuza jalebi na ladu, vitamu vya Kihindi. Babu yake ndiye aliyekuja kutoka Kachi, Bara Hindi, lakini yeye mwenyewe alizaliwa papo hapo mtaani Kuze na ulimi wake ulikuwa wa Kuze. Kwa miaka kumi na miwili maduka yao yalitazamana juu ya kichochoro kisichopitisha watu wawili wenye vikapu. Walisalimiana asubuhi na jioni, walizikiana, walipeana pole za homa. Ila hakuna aliyekionja cha mwenzake hata siku moja. Taib alikuwa akisema ladu ni chakula cha wasio na meno, na habari zikamfikia kwamba Sherali huiita halwa yake gundi yenye iliki. Majirani walizipeleka habari hizo huku na huku kwa furaha kubwa, maana mtaa usio na ugomvi mdogo huchosha.

Siku hiyo ya kopo ilikuwa Alhamisi, na alasiri yake Mwalimu Jamaldin alikuwa akimwoza binti yake, Mwanaesha. Mwalimu alikuwa amesomesha nusu ya Kuze msahafu, tena bila kumwuliza mtu baba yake ana nini. Ilikuwa miaka ya vita. Vita vyenyewe vilikuwa mbali, lakini mkono wao ulifika mpaka jikoni, sukari ikawa ya kadi, nyumba ikapata vibakuli vyake vichache kwa mwezi na kunyamaza. Harusi bila halwa hakuna mtu aliyewaza kuiona. Basi nyumba arubaini zilikata katika fungu lao, bakuli moja moja, zikapeleka kwa Mwalimu bila kutangaza. Bakuli moja lilitoka kwa Sherali, ambaye sukari ndiyo ilikuwa chakula cha watoto wake. Sukari yote ilimiminwa katika mfuko mmoja, ikaletwa kwa Taib. Ikiungua, hapakuwa na ya pili.

Swabaha alimwomba asubuhi hiyo, huku akijifunga buibui kwenda kusaidia katika nyumba ya harusi, amwambie Mwalimu ukweli na kutafuta mtu wa kupokezana naye. Taib alikataa. Alisema watu wakishasikia mkono wa mpika halwa umekwisha, hawaulizi tena kama umepona, hutafuta mwingine. Swabaha alimjua mumewe. Alimfunga kisugudi kwa ukanda wa kanga kuukuu, akakaza fundo, akatoka.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Sukari iliyeyuka, wanga ukaingia, maji yakageuka uji, na mwiko ukapiga shaba kwa mwendo wa siku zote. Saa ya pili maumivu yalianza kumsemesha. Aling'ata meno, akasoma alizozijua katika sura fupi, akazirudia. Kisha halwa ikaanza kukaza. Huo ndio wakati ambapo mwiko huwa kana kwamba mtu amekaa juu yake, na ndio wakati ambao hauruhusiwi kusimama hata kwa kupiga chafya. Vidole vya Taib vilifunguka vyenyewe. Akavifunga, vikafunguka. Alihamia mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto ulikuwa mgeni wa kazi, ukasukuma panapovutwa na kuvuta panaposukumwa. Harufu ikabadilika kidogo. Haikuwa moshi bado, ila Taib aliijua kama mama anavyoijua homa ya mtoto kabla haijapanda.

Alifikiri kuita, kisha hakujua amwite nani. Wanawake wote wa jirani walikuwa nyumba ya harusi, wanaume wako sokoni na bandarini, na yeye mwenyewe ndiye aliyeliteremsha pazia. Aliziona zile nyumba arubaini, kila moja na bakuli lake, watoto wakinywa chai ya chumvi kwa ajili ya sufuria hii. Machozi yakamlengalenga, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Pazia likavutwa. Sherali aliingia na vidole vyake vimejaa unga wa dengu, bila hodi wala salamu, akanyoosha mkono.

"Nipa mwiko," alisema.

Taib hakuuachia. Hata pale, mtu karibu aanguke, ukaidi wake ulikuwa umesimama wima. Alisema halwa haikubali mikono ya watu wawili, na kwamba ndivyo alivyoachiwa na baba yake.

"Halwa haina macho, yakhe. Nipa."

Akampa. Sherali alifuta vidole kwenye shuka yake, akaushika mwiko kwa mikono miwili, akatanguliza mguu mmoja, akavibana visugudi vyake ubavuni. Hakukoroga kwa mkono. Alikwenda mbele na kurudi kwa mwili mzima, kama wanawake wanavyosukuma jiwe la kusagia, na mwiko ukaanza tena kupiga shaba kwa mwendo wake. Taib alisimama pembeni akiwa ameushikilia mkono wake, akisikiliza kazi yake ikifanywa na mtu mwingine. Harufu ilirudi mahali pake.

Ulipokaribia wakati wa samli, Taib alifungua kinywa kumweleza itiwe lini, ingawa hiyo ndiyo iliyokuwa siri kubwa kuliko zote. Sherali alimwahi, akaashiria bakuli la samli kwa kidevu.

"Sasa," alisema. "Mwiko umebadili sauti. Miaka kumi na miwili nimekaa hapo mbele, Bwana Taib. Pazia lako ni la macho. Masikio hukuyawekea kitu."

Taib alimimina samli kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo. Kisha Sherali akaongeza, bila kumtazama, kwamba tangu Mfunguo Tatu, mwezi wa hija, alikuwa akiusikia mwiko ule ukichechemea.

"Na usije?"

"Ungenifungulia?"

Taib alikwangua samli iliyobaki bakulini, kwa kuwa jibu wote wawili walikuwa nalo. Ndipo alipouona, mkono wa kanzu ya Sherali ulipopanda, ukanda wa ngozi uliofungwa chini kidogo ya kisugudi, umeng'aa kwa jasho na miaka. Sherali aliona mwenzake alipotazama. Akamweleza, huku akikoroga, kwamba naye miaka mitatu nyuma alikuwa hawezi kushika hata kijiko, kwa ajili ya kukoroga maziwa ya ladu. Kwamba alilia peke yake dukani mchana wa Ijumaa. Na kwamba fundi viatu mmoja wa Tononoka alimkatia ukanda ule, na desturi nyingine alijifunza mwenyewe kwa taabu. Mwiko autundike kwa kamba kwenye boriti, kamba ibebe uzito. Abadilishe upande kabla mkono haujalalamika, si baada. Na siku moja katika saba asiguse mwiko kabisa, hata aje nani.

Taib alisikiliza kila neno. Alikuwa amekaa miezi minne na maumivu yake kama mtu aliyefungiwa peke yake chumbani, kumbe ng'ambo ya kichochoro palikuwa na mwingine aliyewahi kulala chumba hichohicho. Alichukua kitambaa, akamfuta Sherali jasho la uso, lisije likadondokea halwa. Sherali aliinua uso afutwe, akaendelea.

Halwa ilitoka. Taib aliibonyeza kwa kidole, ikashuka na kurudi, haikunata. Ilikuwa halwa ileile ya baba yake, na ilikuwa imekorogwa na watu wawili.

Baada ya alasiri nikaha ilifungwa, na masinia yakapita barazani kwa Mwalimu Jamaldin. Watu walikula kwa adabu kwanza, kisha adabu ikapungua. Wengine walifumba macho, maana ulikuwa muda mrefu tangu kitu kama kile kiguse ndimi zao. Sherali alikuwa amealikwa lakini hakuja, na Taib alijua kwa nini. Hakutaka macho yao yakutane mbele za watu, siri ya mkono ikafichuka.

Mwalimu alisimama. Alizishukuru nyumba arubaini bila kuzitaja, kisha akaomba mikono iinuliwe, wamwombee dua Taib, mkono wake udumu, kwani pasingekuwa na mkono ule sukari yao ingebaki sukari. Viganja vikainuka baraza nzima. Taib naye aliinua vyake, cha kulia kikaishia kifuani, hakikuweza kupanda zaidi. Angeweza kunyamaza. Ilikuwa rahisi kuliko kumeza halwa yenyewe. Aamin moja tu, na jina lake lingebaki palepale lilipokuwa. Lakini aliona dua inapita njia isiyo yake, na moyo ukamkataza kuipokea.

"Mwalimu, niwieni radhi," alisema. "Mkono wangu huu ni mgonjwa, mwezi wa nne leo. Halwa hii ilikuwa inaungua. Aliyeiokoa ni Sherali."

Mtu mmoja aliitazama halwa mkononi mwake kana kwamba itamweleza zaidi. Mwalimu Jamaldin hakushusha viganja vyake. Alifikiri kidogo.

"Basi dua itakuwa ndefu kidogo," alisema, akaanza upya, akawataja wote wawili kwa majina na majina ya baba zao.

Watu walipotawanyika, Taib aliomba sahani moja, akaifunika kwa kawa, akaibeba kwa mkono wa kushoto mpaka kichochoroni. Sherali alikuwa akipanga ladu zilizosalia. Taib alimwekea sahani mbele yake na kusema ni salamu za Mwalimu, kisha akajisahihisha, akasema ni zake yeye.

Sherali alikata kipande, akakiweka kinywani, akakaa nacho kwa muda mrefu huku akitazama dari.

"Iliki imezidi," alisema.

Katika miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyewahi kumwambia Taib hivyo, na kama angetokea, asingetoka dukani salama. Taib alivuta kibao, akaketi, akaulaza mkono wake unaouma juu ya meza ya mwenzake.

"Nipunguze kiasi gani?" aliuliza.