Tezo ya Shazli

Alhamisi asubuhi Nabawiya alikuwa darini akipanga madonge ya unga juani yaumuke, mfalme alipotoka zizini, akajikung'uta vumbi, akauliza kama kuna chai. Nabawiya akamwambia angoje maji yachemke. Nyumba yao, kama nyingi za pale mlimani Gurna, Misri, ilijengwa juu ya kaburi, na nyuma ya hori la punda palikuwa na shimo lililoshuka hadi kwa watu wa kale. Ilikuwa ni suala la muda tu, mmoja wao angepanda.

Alikuwa kijana mwembamba, hajaota hata ndevu, anachechemea mguu mmoja. Jina lake lilikwanguliwa ukutani na wafalme waliomfuata, kwa hiyo Nabawiya alimwita mwanangu, naye akaridhika. Redioni wataalamu walikuwa wanabishana juu ya kifo chake, huyu akisema ni mbu, yule akisema alianguka kwenye gari la farasi. Mfalme aliwasikiliza huku akichovya mkate kwenye chai.

"Ni mto," alisema. "Waziri wangu alinikandamiza mto usoni. Mikono yake ilinuka vitunguu."

Nabawiya akauliza nani alimzika.

"Yeye yeye. Alilia kumshinda mama yangu. Halafu akachukua tezo, akanifungua kinywa."

Ndivyo ilivyokuwa desturi yao. Maiti hali wala hasemi mpaka anayeshika nafasi yake amguse midomo kwa tezo. Mfalme alilieleza hilo bila kinyongo, akaomba kikombe cha pili. Kisha, kama mtu anayekumbuka salamu aliyopewa njiani, akasema kwamba huko chini, ujiani, yupo bwana mmoja mwenye kanzu ya buluu na pete ya akiki, kisogo kimepasuka. Mpole sana, ila hawezi kutamka neno.

Nabawiya alikaa chini palepale alipokuwa. Pete ile yeye mwenyewe ndiye aliyemvisha mumewe.

Shazli, mumewe, seremala, siku moja alikuwa ameingia shimoni na mdogo wake Hagag kutafuta vitu vya kuuza. Hagag akarudi peke yake, akanawa mikono, akasema kaka yake katokea upande wa pili, kaenda Libya kutafuta kazi. Tangu hapo Hagag alilima miwa ya kaka yake na kula kwenye sinia ya shemeji yake, haoni haya. Nabawiya hakuwa mjane, wala hakuwa mke wa mtu. Kila Alhamisi wanawake wenzake walipopeleka mikate makaburini kuwarehemu wafu wao, yeye hakuwa na kaburi la kwenda. Walimtania kwamba ana bahati, mume wake yuko Tripoli anakula makaroni.

Alimwita umda, mkuu wa kijiji. Umda akaja, akamjulia hali mfalme, akasikiliza yote hadi mwisho, akakubali kwamba ni kweli tupu. Kisha akashusha pumzi.

"Dada yangu, serikali ikisikia kuna mtu humo, itafukua. Ikifukua, mlima mzima tunahamishwa. Labda Shazli aje aseme mwenyewe, hapo sitakuwa na la kufanya."

Akaondoka na mikate miwili kwenye leso.

Magharibi, mkate ulipoanza kunukia, Shazli alipanda. Akaketi mahali pake kwenye sinia, midomo imeshikana. Nabawiya alilia waziwazi, akamfuta vumbi kwenye nyusi kwa ncha ya ushungi. Hagag akarudi kutoka shambani, akanawa, akamwona kaka yake, akasogea kidogo kumpisha.

Nabawiya aliitungua tezo ya mumewe ukutani, akaiweka mbele ya Hagag, akamweleza desturi.

"Mguse midomo tu, shemeji. Shamba sikudai. Mwache aseme nimzike."

Hagag aliyapitisha makali ya tezo kwenye kidole gumba.

"Butu hii, shemeji. Itamuumiza. Nitainoa kesho, inshallah." Akavuta bakuli la mlenda.

Mfalme alimtazama Nabawiya kwa huruma.

"Wangu alikuwa na haraka," alisema. "Bila kunifungua kinywa asingepewa kiti. Huyu shamba analo tayari."

Tezo imenolewa tangu siku hiyo hadi chuma kimekuwa chembamba kama ukucha, na kila magharibi huonekana bado butu. Wataalamu wa redioni sasa wote wamehamia kwenye malaria. Nabawiya hatamani tena makaburi ya wenzake. Alhamisi huchagua mkate ulioumuka vizuri kuliko yote, akauweka mbele ya mumewe, na Shazli huutazama mpaka unapoa. Hapo Hagag hunyoosha mkono, akasema ni dhambi kutupa riziki ya Mungu, akaula.